Pikapu mpya: vifaa nilivyofunga mapema na nilivyoviacha visubiri

Watu wa kwanza kukupongeza kwa pikapu mpya ndio hao hao watakaokuuliza, "Unainyanyua lini?" yaani unaifungia lini springi ndefu ikae juu zaidi. Utadhani kiwanda kimekuuzia nusu gari, nusu nyingine ukaichukue gereji. Yangu ni dabo kabini ya dizeli, foo-bai-foo yenye gia nzito na kufuli ya difu ya nyuma iliyokuja nayo, ile inayoyalazimisha magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka pamoja. Aina yake sitaitaja, kwa kuwa nitakayoyasema hayabagui sana kati ya Hilux, Ranger, D-Max na Triton: kwa kawaida zote zina chesisi ya ngazi (vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vya kukatiza), magurudumu ya mbele yanayojitegemea, na nyuma ekseli moja nzima iliyokalia springi za vyuma bapa. Nimeiendesha ikiwa tupu, ikiwa imeshiba mzigo, na kwenye matope yasiyo na adabu. Msimamo wangu ni kwamba anayepanga ratiba ya kulibadilisha gari ni uzito. Hamu na mfuko vinapanga foleni nyuma yake.

Hata hivyo kuna kazi chache ambazo hazisubiri, tena ni zile zisizopendeza kwenye picha. Ya kwanza ni kupulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya chesisi. Chesisi ya pikapu ina uwazi ndani na imejaa matundu, na tope likishaingia na kukaukia humo, nta utakayoipuliza baadaye itashika tope, chuma kibaki uchi. Niliingia chini ya gari na tochi likiwa bado linanukia upya, nikahakikisha fundi amepeleka mpira wa kupulizia hadi mwisho wa kila tundu na hajaziba vitundu vya kutolea maji. Hicho cha pili wengi hawakiangalii. Kitundu kikizibwa, maji yanalala ndani na kutu inajengewa nyumba. Bodi la nyuma nalo lilipakwa utando mgumu kabla ya mzigo wa kwanza, maana rangi ikishakwanguka ni lazima kusugua na kutibu kutu kwanza ndipo upake. Vifuniko vya viti pia nilivinunua mapema, ila nilichagua vyenye mshono maalumu ubavuni, kwa sababu mfuko wa hewa wa pembeni umo ndani ya kiti chenyewe na kifuniko kigumu kinaweza kuuzuia kufunguka.

Kisha upepo. Katika vyote nilivyonunua, hakuna kilicholibadilisha gari kama pampu ndogo ya umeme na geji nzuri, na wala havifungwi popote, vinakaa nyuma ya kiti. Kwenye lami natembea na psi 35 hivi. Kwenye mchanga nashuka hadi karibu 18. Chuchumaa pembeni ya tairi wakati upepo unafoka, utaona mwenyewe: ukuta wa tairi unatuna kidogo chini, lakini mabadiliko makubwa yako kwenye urefu. Alama ya tairi mchangani inarefuka mbele na nyuma, uzito ule ule unasambaa, na gari lililokuwa linajichimbia kaburi linaondoka bila kelele. Ukirudi barabarani, jaza kabla ya kukimbia, kwa sababu tairi laini kwenye mwendo mkali hupata joto na kupasuka, au huchomoka kwenye rimu ukikata kona. Nawajua watu waliotumia fedha ya seti nzima ya shokapu kutafuta uwezo ambao wangeupata kwa kutoa upepo tu.

Pamoja na pampu nilifunga ndoano mbili za mbele za kuvutia, zenye kiwango cha uzito kilichogongwa kwenye chuma chake. Masikio madogo yaliyo chini ya pua ya pikapu nyingi yapo kwa ajili ya kulifunga gari likiwa melini au juu ya lori. Soma kitabu cha gari kabla ya kuyaamini. Na tufe la kukokotea trela lisikaribiane kabisa na kamba ya kuvutia inayonyumbuka. Likikatika linaruka kwa kasi ya kuua, na limeshaua.

Baada ya hapo nilitulia. Kwa kilomita 1,000 hivi za mwanzo vitabu vingi vya magari huomba upole: usikanyage hadi chini, usishikilie mwendo mmoja kwa muda mrefu, usivute trela. Lakini nilisubiri zaidi ya hapo, kwa sababu gari lisiloguswa ndilo kipimo pekee ulicho nacho. Ukifunga springi, tairi na bampa kwa mkupuo, kisha usukani ukaanza kuyumba au kitu kikagonga chini, hujui pa kuanzia kutafuta. Na kasoro ya kiwandani, ikiwepo, ni rahisi kuidai gari likiwa bado vile walivyokukabidhi.

Kazi ya kipindi hicho ilihitaji futi ya mkanda na karatasi. Gari likiwa kwenye sakafu sawa, tangi limejaa, nilipima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake, nikaandika vipimo vinne na kuiweka karatasi ndani ya dashibodi. Kipimo cha kutoka katikati ya gurudumu hakidanganywi na tairi kubwa wala upepo mdogo, kwa hiyo ndicho kitakachokuambia baadaye springi zimelala kiasi gani. Halafu nikaenda kwenye mizani ya malori: ekseli ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, kisha gari zima.

Hapo hesabu inauma. Pikapu za aina hii kwa kawaida huruhusiwa kubeba karibu tani moja, na tani inasikika nyingi mpaka uanze kuikata. Watu 4, kilo 300. Bampa la chuma 70, winchi 35. Kenopi ya nyuma 90. Hema la juu 60, droo za bodini 60, friji na betri ya pili 60. Maji lita 60 ni kilo 60, maji hayana punguzo. Madumu mawili ya dizeli ya lita 20 ni kama kilo 34, bila madumu yenyewe. Umeshapita kilo 750 na hujaweka nguo, vyombo, beleshi wala boksi la spana. Ukivuta trela, uzito unaokaa juu ya tufe nao ni mzigo wa gari. Hema nalo lina hesabu yake ya pembeni: kikomo cha mzigo wa juu gari likitembea ni kidogo kuliko likiwa limesimama, na muuzaji wa hema atakutajia kile kikubwa. Kufunga springi ngumu hakukuongezei haki ya kubeba. Breki, ekseli na chesisi ni zile zile.

Kwa hiyo springi na shokapu, ambazo wengi huanza nazo, mimi nilizifanya za mwisho katika vitu vizito. Gereji moja ilitaka kunifungia seti ya kunyanyua sentimita 5 gari likiwa halijamaliza hata tangi la pili. Nikamuuliza fundi springi za nyuma ni za mzigo wa kudumu wa kilo ngapi. Akajibu, "Hizi ni ngumu bosi, usiwe na wasiwasi." Wasiwasi wangu ulianzia hapo hapo. Springi za kuongezea huuzwa kwa daraja: za gari tupu, za mzigo wa wastani, za mzigo mzito wa kila siku. Ile ya kubebea kilo 300 daima, ukiifunga chini ya bodi tupu, inaurusha mkia kwenye barabara ya mawimbi, gurudumu linaachana na ardhi, na kwenye kona ya changarawe nyuma kunakwenda kwake. Ukikosea upande wa pili, ukichagua laini, gari likipakiwa linalala na kugonga raba za kuzuia springi zisishuke kupita kiasi. Jibu sahihi hulijui mpaka vitu vyako vizito viwe vimeshafungwa na gari limepita mizani.

Bampa likatangulia. Lilipokaa na winchi yake, karatasi ya dashibodi ikasema pua imeshuka kama sentimita 2. Ndipo nikachagua springi za mbele, kilo nikizijua. Bampa lenyewe nililichagua kwa mambo mawili ambayo hayaonekani kwenye picha: liwe limetengenezwa likubaliane na mifuko ya hewa ya gari hilo, na lisizibe rada. Pikapu nyingi za sasa zina rada mbele na kamera juu ya kioo cha mbele. Ukiiziba rada au ukabadilisha kimo cha gari, breki ya dharura inayojishika yenyewe inaweza kuhitaji kupangwa upya, na siyo kila fundi wa mtaani ana kifaa cha kufanya hivyo.

Kuhusu kunyanyua, sentimita 4 au 5 zinatosha kwa gari lenye mbele inayojitegemea. Zaidi ya hapo jointi za ekseli za mbele zinafanya kazi kwa pembe kali, raba zake zinachanika, grisi inatoka na mchanga unaingia. Hata kwa sentimita hizo chache pembe ya kasta, yaani mwinamo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu la mbele hukatia kona, hupungua, na usukani unakosa hamu ya kurudi katikati wenyewe. Nilibadilisha wishboni za juu, ile mikono ya chuma inayoshika gurudumu la mbele, ili fundi wa alaimenti apate nafasi ya kurekebisha. Omba karatasi mbili za alaimenti, ya kabla na ya baada. Taa nazo zishushwe, usiwapofushe wenzako.

Tairi ndizo zina ubishi. Anayezibadilisha siku ya kwanza ana hoja: za kiwandani zisizotembea zinauzika vizuri. Kama gari linakwenda kwenye mawe makali moja kwa moja, ningefanya hivyo. Mimi nilizitumia mpaka zikaisha, na zilipokuwa zinaisha zikanionyesha adui yangu, ambaye ni jiwe linalochana ukuta wa pembeni. Kukwama kulinitokea mara chache, na mara zote upepo ulitatua. Basi nikachukua za matumizi mchanganyiko zenye ukuta wa nguvu, nikaziacha zile za matope matupu zinazoimba kwenye lami na kuteleza ikinyesha.

Ukubwa ufanyie hesabu kabla hujaupenda kwa macho. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha karibu milimita 776. La 265/70R17 ni 803, na la 285/70R17 ni 831. Gawa tofauti kwa mbili: difu inapanda milimita 13 au 27. Hili linasahaulika sana vijiweni. Springi ndefu huinua chesisi na bodi, lakini ekseli ya nyuma inabaki pale pale, na chungu cha difu kitagonga jiwe lile lile kilichokuwa kinaligonga. Kinachokiinua ni tairi. Zile 27 zina gharama: kwa kila mwendo ambao mita ya kasi inausoma, unakimbia asilimia 7 zaidi ya ulivyozoea, gia zote zimerefuka kwa kiasi hicho hicho hata ile nzito ya kukwea mawe, na plastiki za ndani ya madigadi zinaguswa ukikata kona. Nilichukua hizo za 803, ongezeko la asilimia 3 na kitu. Angalia pia namba ya uzito pembeni mwa tairi. Ikiandikwa 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, na usikubali iliyo chini ya ile ya kiwandani. Nunua 5. Tairi la akiba la kipimo kingine kwenye foo-bai-foo linaitesa difu.

Kuongeza nguvu kwa kuchezea kompyuta ya injini sikukugusa na sitakugusa dhamana ikiwa hai. Kwa dhamana yenyewe, Marekani wana sheria ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, ambayo kwa kawaida hairuhusu dhamana kuwekewa sharti la kununua vipuri vya jina fulani tu. Kwingine hali ni tofauti, kwa hiyo uliza kwa maandishi na ujibiwe kwa maandishi. Bima nao waambie kila ulichofunga.

Kufuli ya difu ya mbele niliiondoa kwenye orodha kabisa. Mfumo wa kiwandani wa kuzuia gurudumu kuzunguka bure hulishika kwa breki lile linaloning'inia, nguvu ikaenda kwa mwenzake. Unahitaji kukanyaga mafuta kwa utulivu na kuupa muda kidogo. Wanaoachia haraka ndio wanaosema haufanyi kazi.

Kumebaki kuvuka mito. Difu ya moto ikizama kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na kunyonya maji kupitia kipumulio (kitundu cha difu cha kupitishia hewa) au sili, na oili inageuka rangi ya maziwa. Mpira wa kukipandisha kipumulio hadi juu kwenye chumba cha injini ni kitu cha bei ndogo, na nilikifunga mapema kabisa. Snokeli, bomba linaloupandisha mdomo wa hewa ya injini hadi usawa wa paa, watu huifunga kabla ya mpira huo, jambo ambalo sijawahi kulielewa, kwani kina cha maji anachokitaja mtengenezaji, mathalani milimita 700 kwa Hilux au 800 kwa Ranger, hakihusu mdomo wa hewa peke yake. Inanishawishi zaidi kwa vumbi, ukiwa gari la nyuma kwenye msafara. Ila kuifunga ni kutoboa madigadi, na kwa sasa kupiga-piga chujio la hewa na kulibadilisha mapema kunanitosha, hivyo inasubiri.