OpenFOAM kwa kuchora nozeli ya roketi: iko bure lakini jipange

Ukiwa Lubumbashi na laptop ya kawaida na hauna dola za kulipia lisansi za zile programu kubwa za CFD (kuhesabu kwa kompyuta namna gesi na maji vinapita), OpenFOAM njo programu ya kuchukua, ila usiingie ukizani utafinya batani mbili nozeli (ule mdomo wa roketi wa kutolea gesi) itoke. Haina dirisha la kufinyafinya, kila kitu ni mafaili ya maandishi mu folda tatu, 0, constant na system, ukisahau nukta-mkato moja tu inagoma na kukujazia skrini matusi.

Chenye kilinifurahisha ni rhoCentralFoam, amri moja ya ndani yake ya kupiga hesabu, iko ya gesi inayopita kasi ya sauti, na ndani ya nozeli njo kazi yenyewe hiyo. Tena hauchore nozeli yote, unakata kipande chembamba kama cha keki, pembe ya digrii chache tu, meshi (ule wavu wa vipande vidogo vya kupigia hesabu) inakuwa ndogo laptop inapumua. Presha ya nje niliweka 87,000 Pa juu sisi tuko mita 1,200 na kitu, mifano mingi ya intaneti inaweka 101,325 ya kule baharini, na si kitu kidogo hiyo: nozeli ikipanuka kupita kiasi gesi inaachana na ukuta mbele ya kufika mdomoni, na pale inaachania panategemea presha ya nje. Nilibadilisha namba hiyo moja tu, wimbi la mshtuko (pale presha ya gesi inaruka gafula) likasogea kuelekea mdomo.

Na umeme ukikatika (tunajuana) mu controlDict, faili ya kuongoza hesabu, unaandika startFrom latestTime, inaendelea pale ilihifazi mara ya mwisho. Weka na purgeWrite, inafuta matokeo ya zamani, bila hiyo diski inajaa.

Sasa malalamiko. Kuko OpenFOAM mbili, ya .org na ya .com, na amri hazifanani tena, kwa .org mpya rhoCentralFoam haiko, kuko shockFluid, kwa hiyo unafwata somo la mtu saa nzima kisha amri haijulikani. Inachosha!

Ya pili ni joto. Picha za ParaView, programu ya kuonyesha matokeo, zinapendeza mpaka unaamini kila rangi, kumbe kuhesabu joto linaloingia ku ukuta kunataka meshi nyembamba sana karibu na chuma, na chtMultiRegionFoam ya kushika gesi na chuma pamoja ni shule ingine kabisa. Wenye kutengeneza injini za kerosini na oksijeni ya kimiminika wanatumia aloi ya shaba (eeh, shaba, ile ya kwetu) wakipitisha mafuta mu tumifereji nyuma ya ukuta, juu gesi iko zaidi ya 3,000 K na shaba inayeyuka ku 1,085°C, sasa kosa la hesabu pale shingoni, penye nozeli iko nyembamba na joto linapiga zaidi, ni tundu mu ukuta.

Mimi ninaipa nne juu ya tano kwa umbo la nozeli, mbili kwa joto. Mbele ya kuamini chochote angalia presha ya shingoni: kwa gama 1.2 (uwiano wa joto mahususi wa gesi) iwe karibu 0.56 ya presha ya chemba, penye mafuta yanawakia, ikiwa mbali na hapo rudia meshi.