Zapfino kwenye kadi ya harusi: ipe majina, usiipe maelezo

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo ninayo Zapfino, fonti (muundo wa herufi za kompyuta) inayoiga mwandiko wa kalamu, na kwa sisi tunaotengeneza kadi za harusi fonti hii inastahili kuzungumzwa kwa kirefu.

Tazameni hapa kwenye skrini. Naandika Faraja. Hiyo j inashuka mbali chini ya mstari, imelala kidogo, na unene wake unabadilika kama wino wa kalamu ya ncha bapa. Sasa nachagua herufi na kufungua maumbo mbadala: nyingine ina mkia mrefu, nyingine imetulia. Hapo ndipo ninapoipendea. Majina mawili kwenye kadi moja hayalazimiki kufanana, maana mkono wa mwandishi nao haurudii herufi vilevile. Kwenye Mac andika neno Zapfino lenyewe, uone linavyogeuka kuwa pambo moja lililoungana.

Aliyeichora ni Hermann Zapf, Mjerumani aliyezaliwa Nuremberg mwaka 1918, ndiye pia aliyechora fonti za Palatino na Optima. Mwandiko huu aliuandika kwa mkono kwenye daftari lake mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea. Enzi za kuchapa kwa herufi za madini ya risasi, kila herufi ilikaa kwenye kipande chake, kwa hiyo mikia ya kupita juu ya herufi jirani ilikuwa tabu kubwa. Fonti yenyewe ikatolewa na kampuni ya fonti ya Linotype mwaka 1998, kompyuta zilipoweza kuibeba.

Sasa tuje kwenye kazi. Majina ya bwana na bibi harusi, sawa kabisa. Neno "Mwaliko" juu ya kadi, sawa. Ila msiandike HARUSI kwa herufi kubwa tupu, tafadhali. Kila herufi inavuta upande wake na mgeni hasomi kitu. Na ile sentensi yetu, "Familia ya Bwana na Bibi fulani inayo furaha kukualika", iwekeni kwenye fonti nyoofu, ya herufi za kawaida zisizo na mapambo. Ukumbi, saa na namba za simu vilevile. Bibi yangu akishika kadi anatafuta saa na mahali, asihangaishwe.

Nafasi nayo ni muhimu. Mstari mmoja wa Zapfino unakula karibu mistari mitatu ya kawaida. Kadi zangu za kwanza niliyaweka majina karibu na ukingo, na mashine ya kukatia karatasi ikaondoka na mkia wa y kwenye kadi zote. Iliniuma sana, kwa sababu jina la bibi harusi ndilo lililokatwa. Siku hizi naacha sentimita mbili kila upande, na kabla ya kupeleka kiwandani nachapa moja nyumbani, naikata kwa mkasi.

Wenye Mac, imo tayari kwenye mashine yenu. Wa Windows, leseni inauzwa, na kama kadi ndizo zinazowalipa, nawashauri mnunue.