Usiku wa dipu hausi katika chumba kidogo Nyali

Ijumaa iliyopita nilikwenda katika klabu moja ndogo huko Nyali, Mombasa, juu ya mkahawa, kumsikiliza dijei aliyepiga dipu hausi, muziki wa dansi wa kielektroniki, tangu saa nne hadi saa nane za usiku. Chumba hakizidi watu sabini na hakina jukwaa; meza ya dijei imewekwa sakafuni, hivi kwamba aliyesimama mbele huviona vidole vyake vikizungusha vitufe.

Kilichonishika hasa ni subira yake. Muziki huu, ulio tawi la hausi iliyozaliwa Chicago katika miaka ya 1980, na ambao Larry Heard, mtunzi wa huko huko Chicago, aliutia vinanda laini vyenye harufu ya jazi, huenda kwa mapigo kama 120 kwa dakika na hautaki pupa. Dijei aliuacha wimbo utembee dakika sita au saba, kisha akauingiza wa pili kwa matoazi peke yake, huku akiipunguza besi ya ule wa kwanza kidogo kidogo ili besi mbili zisigongane. Nilimwona amebana kisikilizio kwa bega, sikio moja likiwa kwenye wimbo ujao na jingine likiwa nasi chumbani, na hata sasa siwezi kusema wimbo wa kwanza uliishia wapi. Sisi tuliolelewa na taarabu, ambayo vyombo hujitwalia nafasi yao kabla mwimbaji hajafungua kinywa, tunaijua raha ya kungojeshwa namna hiyo.

Spika ni mbili tu, na zinatosha. Ukuta wa nyuma umetundikwa mazulia mazito, na naamini ndiyo yaliyozuia besi isivume ovyo: niliisikia kifuani, nami nikaweza kuzungumza na jirani yangu bila kupaza sauti.

Joto ndilo lililoharibu. Kiyoyozi kilizimika saa sita, madirisha mawili hayakutosha kwa unyevu wetu wa pwani, na wenye klabu hawakutoa maelezo yoyote, ilhali tulikuwa tumelipa kiingilio cha shilingi 1,000. Dijei alipofika kwenye nyimbo za Afrika Kusini, zenye ngoma nzito na sauti za kuitikiana, ambazo kwangu ndizo zilikuwa kilele cha usiku, nusu ya watu walikuwa nje kwenye roshani wakijipepea, na hilo lilinisikitisha kwa ajili yake.

Akipiga tena hapo nitakwenda mapema, nisimame karibu na dirisha.