Mafuta ya mgando yasiyo na harufu: tathmini kwa waogeleaji wa Arusha katika msimu wa baridi

Kati ya vitu vyote vinavyouzwa kwenye famasia na maduka ya vipodozi ya Arusha kwa ajili ya ngozi kavu, ninachokipendekeza bila kusita kwa mtu anayeogelea bwawani mara kadhaa kwa wiki ni mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyotiwa manukato wala rangi. Nasema hivyo nikiwa mwalimu wa kuogelea ambaye huiona ngozi ya watoto na ya watu wazima ikibadilika kila mwaka kuanzia Juni hadi Agosti: miguu inapauka, mikono inabaki na mistari myeupe kila inapokunwa, na wapo wanaoacha mazoezi kwa sababu ya muwasho wa usiku, wala si kwa kuogopa ubaridi wa maji. Tathmini hii inahusu matumizi hayo tu. Kwa mtu asiyeingia bwawani, huenda ningependekeza kitu kingine.

Ili kuyatendea haki mafuta haya, ni lazima kwanza kueleza kinachoikuta ngozi. Tabaka lake la juu kabisa limejengwa kwa seli zilizokufa zilizobanana, na kati ya seli hizo kuna mafuta ya asili, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta, ambayo kazi yake ni kuzuia maji ya mwili yasipotelee hewani. Mtu akikaa majini muda mrefu, tabaka hilo hunywa maji na kuvimba, vitu vya asili vinavyoshika unyevu huoshwa na kuondoka, na klorini nayo huyadhoofisha mafuta yaliyobaki. Bwawa linalotunzwa ipasavyo huwa na maji yenye pH (kipimo cha uchachu, ambapo namba ikiwa ndogo uchachu ni mkubwa) ya kati ya 7.2 na 7.8, wakati ngozi yenye afya hupenda uchachu kidogo, karibu na 5. Mwogeleaji anapotoka, maji yaliyomjaa hukauka haraka, na ngozi iliyopoteza kinga yake hubaki imebana, hasa kwenye muundi, viwiko na kiunoni pale mpira wa nguo ya kuogelea unapokaza.

Hali ya hewa ya Arusha inaongeza mzigo. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, chini ya Mlima Meru, na katika miezi ya kipupwe mvua ni haba, asubuhi ni za baridi na mchana upepo unabeba vumbi. Hewa baridi haina uwezo wa kubeba mvuke mwingi, kwa hiyo ngozi hupoteza maji kwa urahisi zaidi. Halafu kuna tabia yetu sote ya msimu huu: kutoka bwawani tukitetemeka na kukimbilia maji ya moto kabisa, na kujisugua kwa sabuni kali kuanzia shingoni hadi miguuni. Kwa niliyoyaona, maji hayo ya moto na sabuni hiyo vina hatia kubwa kuliko klorini yenyewe.

Mama mmoja aliyemleta mwanawe mazoezini aliwahi kunivuta pembeni akaniambia, «Mwalimu, hii dawa ya bwawa inamla mwanangu, usiku mzima anajikuna.» Nilimuuliza, «Mama, akifika nyumbani anaoga kwa sabuni gani?» Akanitajia sabuni ya kuua vijidudu, ile ya kipande, na akaeleza kuwa humwogesha nayo mwili mzima mara mbili ili harufu ya klorini itoke. Nilimshauri sabuni hiyo iishie kwapani, kwenye mapaja kwa ndani na miguuni, na mwili uliobaki usuuzwe kwa maji ya uvuguvugu tu kisha upakwe mafuta ya mgando kabla haujakauka. Mtoto yule hakuhitaji dawa yoyote ya kupaka.

Maneno «kabla haujakauka» ndiyo yanayoamua kama mafuta haya yatafaa au yataonekana hayana maana. Mafuta ya mgando hayana maji ndani yake. Ni zao la petroli lililosafishwa, lililoingia sokoni katika karne ya 19 kwa jina la Vaseline baada ya Robert Chesebrough kupata hataza yake Marekani mwaka 1872, na tangu hapo utendaji wake haujabadilika: hutandaza utando unaozuia maji yasitoke. Ukiyapaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, umefunga mlango baada ya maji kutoka. Ukiyapaka ndani ya dakika tatu hivi baada ya kujisuuza, wakati ngozi bado ina unyevunyevu wa kuonekana, unayafungia maji hayo ndani. Watu wengi wanaoniambia kwamba mafuta haya hayawasaidii huyapaka nyumbani, saa moja au mbili baada ya kutoka bwawani, na miguu yao inang'aa kwa juu huku ikiendelea kuwasha.

Namna ya kuyapaka inahitaji uvumilivu kidogo, maana asubuhi za Julai hapa kwetu mafuta huwa magumu koponi na kidole huacha shimo linalobaki vilevile. Chukua kiasi cha punje ya maharage, yasugue kati ya viganja mpaka yalainike na kung'aa, kisha yapake kwa kiganja kilicho wazi kuelekea chini, kufuata malaika ya mguu. Punje moja inatosha muundi mzima. Ukiona vidole vinateleza na kuacha mifereji ya mafuta juu ya ngozi, umezidisha. Taulo nalo litumike kwa kugusagusa, si kwa kusugua, kwa sababu ngozi iliyolowa hujeruhiwa upesi.

Yapo pia matumizi ya kabla ya kuingia majini, na hapa naomba uangalifu. Tabaka jembamba kabisa kwenye kwapa, shingoni na kwenye mikanda ya nguo ya kuogelea huzuia michubuko, na kwenye muundi hupunguza maji ya bwawa yanayopenya. Lakini mafuta mengi huchafua maji na kulemea mtambo wa kuchuja, na baadhi ya mabwawa hayaruhusu kabisa mtu kuingia akiwa amejipaka mafuta, uliza kwanza. Usiyapake usoni, kwa sababu miwani ya kuogelea itateleza na kuvuja, wala kwenye nyayo, kwa sababu sakafu ya kandokando ya bwawa inatosha kwa utelezi wake. Na kama kofia yako ya kuogelea ni ya mpira wa asili, osha mikono kabla ya kuivaa: mafuta ya mgando huulainisha mpira huo na kuuchana mapema. Kofia za silikoni hazina tatizo hilo.

Kasoro za mafuta haya ni za kweli na sitazificha. Yananata. Ukitoka nje muda huo huo na kupanda bodaboda kwenye barabara ya vumbi, utafika na miguu yenye rangi ya barabara. Huacha alama za mafuta kwenye kola za mashati meupe ya shule, alama ambazo haziondoki kwa kufua mara moja. Mwenye chunusi mgongoni au kifuani asiyapake huko. Na kwa wenzetu wa Moshi, ambako mji uko chini zaidi na joto hurudi mapema mchana, mwili mzima uliopakwa mafuta ya mgando huwa ni adha. Kwao ningependekeza losheni isiyo na harufu yenye glisirini kwa mchana, na mafuta ya mgando yabaki ya usiku, kwenye visigino na muundi tu.

Jambo jingine ni lebo. Makopo mengi yanayofanana kwa umbo na rangi yametiwa manukato, hasa yale yenye picha ya mtoto mchanga, na mnunuzi huamini kwamba kitu cha mtoto lazima kiwe cha upole. Manukato ni miongoni mwa visababishi vya kawaida vya mzio wa ngozi, na ngozi iliyochakazwa na bwawa huyapokea vibaya zaidi. Fungua kifuniko unuse kabla ya kulipa. Kopo zuri halinukii chochote.

Katika washindani wake, mafuta ya nazi ndiyo ninayoyaheshimu zaidi. Ni mepesi, yanaingia kwenye ngozi vizuri na hayaachi mng'ao wa kukera. Ila huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na ndiyo maana chupa ileile ambayo Tanga au Dar es Salaam ni kimiminika, Arusha asubuhi ni donge jeupe lisilopita mdomoni mwa chupa, na mtu aliyeloa, akiwa amesimama kwenye chumba baridi cha kubadilishia nguo, hana muda wa kulitumbukiza kwenye maji ya moto. Uwezo wake wa kuzuia maji yasitoke pia ni mdogo kuliko wa mafuta ya mgando. Ukiyapenda, nunua ya kopo lenye mdomo mpana.

Glisirini ni ya namna nyingine kabisa, kwa kuwa kazi yake ni kuvuta maji. Ikipakwa tupu kwenye ngozi kavu na katika hewa kavu inanata, na wengine inawachoma. Ikichanganywa na maji safi, ikapakwa kwenye ngozi yenye unyevu kisha ikafunikwa kwa mafuta ya mgando kidogo, matokeo yake ni mazuri kuliko ya kimoja peke yake. Kwa mwogeleaji ambaye ngozi yake imefikia kuwa na magamba, mchanganyiko huu ndio ninaoutaja wa kwanza. Krimu zenye yurea ya asilimia 10 nazo hulainisha magaga na visigino vizuri sana, lakini zinawasha kama moto penye mipasuko, kwa hiyo subiri mipasuko ifunge.

Losheni za maji zenye harufu nzuri, ambazo ndizo zinazojaza rafu, sizipendekezi kwa kazi hii. Nilinunua moja ya bei kubwa, iliyoandikwa kwamba ni ya ngozi kavu kupita kiasi, na ilinichoma shingoni mara tu baada ya kuogelea, kisha ndani ya saa chache ngozi ikawa imepauka kama vile sikupaka kitu. Zina maji mengi, na maji hayo yakishakauka kinachobaki ni kidogo. Krimu za kung'arisha ngozi zisiguswe kabisa. Zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na krimu za mchanganyiko zenye steroidi zinazouzwa bila cheti hutuliza muwasho kwa siku chache huku zikiifanya ngozi kuwa nyembamba na dhaifu zaidi mbele ya klorini.

Naomba pia tusiyabebeshe mafuta mzigo wa bwawa baya. Ile harufu kali inayochoma macho, ambayo wengi huichukulia kuwa ushahidi wa usafi, kwa kawaida hutokana na kloramini, yaani klorini iliyokwisha kuungana na jasho, mkojo na uchafu wa miili. Kloramini huwasha ngozi, macho na koo. Kila mtu akioga kabla ya kuingia, zinapungua. Bwawa likinuka hivyo kila siku, mtunzaji wake aulizwe anapima maji lini, na kama hana jibu, tafuteni bwawa jingine.

Na kuna muwasho ambao si wa bwawa. Mduara wenye ukingo ulioinuka huenda ni fangasi. Muwasho wa usiku kati ya vidole, huku na wengine nyumbani wakijikuna, huenda ni upele. Ngozi inayotoa majimaji, au inayowasha kwenye mikunjo ya viwiko na magoti mwaka mzima, inaweza kuwa pumu ya ngozi. Hizo zinahitaji daktari, na watu wa kaskazini tuna bahati ya kuwa na kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda katika hospitali ya KCMC, Moshi, ambacho ndicho kilichotengeneza mafuta ya Kilisun ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Ngozi isipotulia baada ya wiki mbili za kujisuuza, kupunguza sabuni na kupaka kwa wakati, nendeni huko au kwa mtaalamu wa ngozi aliye karibu.

Kwa atakayenunua, kopo la gramu 50 au 100 linatosha kukaa kwenye mfuko wa mazoezi, na kubwa libaki nyumbani. La mfukoni liwe la mtu mmoja, kwa sababu vidole vya watoto kumi vikiingia kopo moja, fangasi ya mmoja hugeuka kuwa ya wote. Na lifungiwe ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na kofia ya mpira.