Spock Alipoingia Studio: Uhakiki wa Santuri ya Mwaka 1967

Aliyewahi kufika Bujora, pale Kisesa karibu na Mwanza, wakati wa sikukuu ya Bulabo anafahamu kwamba Bagalu na Bagika, makundi ya ngoma ya Wasukuma, hawashindani kwa ngoma peke yake. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja likijaribu kuwahamisha watazamaji wa mwenzake, na ushindi huenda kwa lile lililozungukwa na umati mkubwa zaidi. Ndiyo maana kila manju huja na kituko chake, na wengine hawasiti kuingia uwanjani na chatu hai. Kituko huwaleta watu. Kuwafanya wabaki ni kazi ya wimbo, na hapo ndipo makundi mengi hukwama.

Nimeikumbuka desturi hiyo mara nyingi katika majuma mawili niliyoisikiliza santuri iitwayo Leonard Nimoy Presents Mr. Spock's Music from Outer Space, iliyotolewa na kampuni ya Dot Records ya Marekani mwaka 1967. Nakala yangu niliipata kwa mwuzaji wa vitu vilivyotumika karibu na Makoroboi, jijini Mwanza, kwa shilingi 30,000 baada ya kuvutana sana, na nilipofika nyumbani ndipo nilipogundua kwamba mfuko wa ndani haukuwamo na kwamba upande wa pili una mkwaruzo unaotoa mlio kama wa bisi zinazopasuka. Kwa kuwa sina gramafoni, niliipeleka kwa mjomba wangu Nyegezi, ambaye bado anaitunza ya kwake pamoja na santuri za Nuta Jazz na Morogoro Jazz, na ambaye alipousoma mwaka uliochapwa kwenye jalada alisema tu, "Mwaka wa Azimio la Arusha," kana kwamba hilo linatosha kueleza kila kitu.

Kwa wasiomfahamu, Nimoy ni mwigizaji aliyezaliwa Boston mwaka 1931 na kufariki mwaka 2015, na jina lake halitenganishwi na Spock, ofisa wa chombo cha anga katika mfululizo wa televisheni wa Star Trek, ambao ulianza kuonyeshwa Septemba 1966. Spock ana masikio yaliyochongoka; baba yake ni mtu wa sayari ya Vulcan na mama yake ni mwanadamu, naye ameapa kuongozwa na mantiki na kuzificha hisia zake zote. Mfululizo ulikuwa haujamaliza hata mwaka wake wa pili hewani pale kampuni ya santuri ilipoona kwamba masikio yale yanauzika. Mtayarishaji Charles Grean akakusanya vipande 11, akamwingiza mwigizaji studio, na jalada likapambwa kwa picha ya Spock, si ya Nimoy, ili mnunuzi asije akakosea. Hicho ndicho chatu chao.

Vipande vya ala havinichelewishi. Santuri inafunguliwa kwa muziki wa utambulisho wa Star Trek yenyewe, kisha baadaye zinafuata tuni za mifululizo mingine miwili, Lost in Space na Mission: Impossible, zikiwa zimepigwa kwa namna ambayo ingefaa kusikika kwenye ukumbi wa hoteli wakati wageni wakisubiri chakula. Ni jambo la kuchekesha kwamba Nimoy aliweka kwenye santuri yake muziki wa Mission: Impossible bila kujua kwamba mwaka 1969, Star Trek ilipokwisha, angeajiriwa kuigiza katika mfululizo huohuo. Zaidi ya hapo sina la kusema juu ya vipande hivyo, isipokuwa kwamba mjomba, aliyezoea magita matatu yanayojibizana na besi inayotembea, aliinuka kwenda kuangalia kuku wake kila vilipoanza.

Santuri inaanza kuwa na maana pale Nimoy anapofungua kinywa, na hasa anapokuwa haimbi. Sauti yake ni nzito na kavu, haina haraka, na kila neno linatoka likiwa zima. Katika Twinkle, Twinkle, Little Earth anazungumza kama mgeni aliyesikia kwamba wanadamu huzitazama nyota na kuziomba mambo, naye anajiuliza itakuwaje ikiwa huko juu nako wapo wanaoitazama dunia yetu na kuiomba vilevile. Wazo lenyewe ni la kitoto, na muziki ulio nyuma yake umejaa milio ya mitambo iliyowekwa ili tusisahau kwamba tuko angani, lakini msemaji halichezei. Analitamka kwa uzito uleule ambao mtu mzima angeutumia kueleza mpaka wa shamba. Kichekesho kinatokana na uzito huo, wala hakihitaji kusukumwa.

Kipande kilichonishika zaidi ni A Visit to a Sad Planet, kinachofunga upande wa pili. Hakiimbwi hata kidogo. Spock anasimulia jinsi alivyotua kwenye sayari iliyoteketea, akakutana na mzee aliyesalia, na mzee huyo akamweleza jinsi watu wake walivyojiangamiza wenyewe; mwishoni Spock anauliza jina la sayari, na jina linatajwa. Sitalitaja hapa, ingawa msikilizaji makini atakuwa amekwisha kulifahamu kabla ya nusu ya kwanza kwisha. Mjomba, ambaye nilikuwa nikimtafsiria sentensi baada ya sentensi, alilitaja kabla yangu, kisha akaniambia nirudishe sindano mwanzo na ninyamaze, kwa sababu alitaka kuisikia sauti bila maneno yangu. Aliposikiliza mara ya pili alisema, "Mwanangu, huyu si mwimbaji. Huyu ni msimulizi, wamemkosea tu kumpa bendi." Sijapata uhakiki mfupi kuliko huo, wala ulio sahihi zaidi.

Kwa kuwa anapoimba, mambo hubadilika. Nimoy hupanda kwenye noti kama mtu anayepanda mtumbwi uliojaa maji: kwa tahadhari, na bila uhakika wa kufika. You Are Not Alone, unaowahakikishia wanadamu kwamba wana wenzao kwingineko, ungekuwa na nguvu zaidi kama ungesemwa. Hata hivyo kuna Where Is Love, wimbo uliotoka kwenye tamthilia ya muziki ya Oliver!, ambako huimbwa na mtoto yatima. Kuupeleka kwa Spock kulipaswa kuwa kosa la wazi, kwa sababu kiumbe aliyeapa kutokuwa na hisia hana sababu ya kuuliza mapenzi yako wapi. Lakini sauti ile isiyojua kupamba, inayotetereka kidogo mwishoni mwa mistari, inalifanya swali liaminike kuliko ambavyo mwimbaji hodari angelifanya. Sina hakika kwamba Grean alikusudia hivyo, nami sioni sababu ya kumnyima sifa kwa jambo lililotokea mikononi mwake.

Udhaifu mkubwa wa santuri ni kwamba haijaamua ni nani anayezungumza. Mara ni Spock, mara ni Nimoy aliyevaa masikio ya Spock, na msikilizaji hulazimika kukisia upya kila wimbo unapoanza. Ni dhahiri kwamba waliotengeneza waliliona tatizo hilo, maana santuri iliyofuata, ya mwaka 1968, iligawanywa: upande mmoja Spock, upande wa pili Nimoy mwenyewe. Jumla alitoa santuri tano na kampuni hiyo kufikia mwaka 1970, na miaka mingi baadaye akaandika vitabu viwili, kimoja kikikana kwamba yeye ni Spock na kingine kikikubali. Bado namtanguliza mbele ya nahodha wake katika Star Trek, William Shatner, ambaye katika The Transformed Man ya mwaka 1968 anatamka maneno ya Shakespeare na ya nyimbo za vijana kwa jazba inayochosha kabla sindano haijafika katikati.

Liko pia jambo linalotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Mmojawapo wa vipande hivi, Beyond Antares, ni wimbo ambao ndani ya Star Trek uliimbwa na Uhura, ofisa wa mawasiliano, ambaye jina lake limetokana na neno letu uhuru, na ambaye katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa hewani anasemeshwa kwa Kiswahili. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alikuwa mwimbaji wa kweli aliyepata kufanya kazi na mwanamuziki wa jazz Duke Ellington kabla ya kuingia kwenye televisheni. Kuusikia wimbo huo kwenye santuri ya mtu mwingine, bila sauti yake, ni kama kuandaliwa sato halafu ukaletewa mchuzi mtupu. Nichols naye alitoa santuri mwaka huohuo wa 1967, Down to Earth, kupitia kampuni ya Epic. Ndani yake hakuna milio ya mitambo, na asiyejua kwamba mwimbaji ni mwigizaji wa hadithi za anga hatakosa chochote. Anayetaka muziki atafute hiyo.

Anayetaka kituko, au anayependa sauti nzuri ikisimulia, atafaidika na Spock, ingawa sidhani kwamba kuna haja ya kutoa shilingi 30,000 kwa ajili ya vipande vitatu ambavyo mtu anaweza kuvisikiliza kwenye intaneti bila bisi. Kwa upande wangu, santuri imebaki Nyegezi. Mjomba ameniomba jalada pia, kwa kuwa mojawapo ya santuri zake za Nuta Jazz haina jalada kwa miaka mingi, naye haoni ubaya Spock akiibeba.