Pampu ya oili ya pikipiki: ipi ununue Malindi

Pikipiki yangu ilinoki, yaani injini ilikwama, nikitoka Mambrui, abiria yuko nyuma, na oili ilikuwa imejaa. Fundi alipofungua kifuniko cha kilachi, tulikuta gia ya pampu, ile ya plastiki, meno yamelika yote. Oili imetulia chini, huku juu kwenye rokaamu (mikono inayosukuma vali) kumekauka. Pikipiki nyingi za cc 125 tunazoendesha hazina taa ya presha ya oili, kwa hiyo hupati onyo lolote mpaka usikie injini inagonga.

Ya kwanza kwangu ni pampu kamili, mpya, ya modeli yako hasa, kutoka kwa muuzaji wa spea za kampuni iliyotengeneza pikipiki. Ni ghali, lakini unapata rota (vipande vinavyozunguka ndani ya pampu kusukuma oili) ya ndani na ya nje zilizolingana, na bei yake haifikii hata kidogo ile ya pistoni, silinda na krenki.

Ya pili ni gia peke yake. Inafaa pale tu rota na nyumba yake, yaani ganda la pampu, hazina mikwaruzo. Mwambie fundi apime kwa filagaji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi): nafasi kati ya ncha za rota ikizidi milimita 0.20, usipoteze pesa kwa gia. Wengi hukimbilia gia ya chuma. Mimi pia naipenda, ila iwe imechongwa vizuri. Ya chuma iliyochongwa ovyo hula gia ya krenki inayoizungusha, na vumbi la chuma huzunguka na oili. Iweke kando ya ile ya zamani, hesabu meno, linganisha upana.

Ya tatu, pampu kamili isiyo na jina. Izungushe kwa mkono dukani. Ikikwama mahali au shafti ikicheza, irudishe.

Ya mtumba, iliyotolewa kwenye injini iliyokufa, sinunui. Huenda ndiyo iliyoiua.

Siku nzuri ya kazi hii ni siku unayobadilisha pleti za kilachi, kwani kifuniko ni kilekile. Nunua na gasketi mpya, osha wavu wa chujio, jaza pampu oili kabla ya kuifunga. Kisha washa injini ikiwa kifuniko cha tapeti, kile cha juu penye rokaamu, kimefunguliwa. Dakika moja ikipita bila rokaamu kulowa, zima hapohapo.