Programu za bure za kuchunguza kompyuta inayojizima na kujiwasha: ipi inafaa kuaminiwa?

Kompyuta ya nyumbani inayokatika ghafla katikati ya kazi kisha ikajiwasha yenyewe, bila onyo wala maelezo, huwa na watuhumiwa wengi: joto, pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha), kumbukumbu ya RAM, kiendeshi kibovu (driver, yaani programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa fulani), ubao mama, hata Windows yenyewe inapojisasisha. Fundi asiye na subira huanza kubadilisha vipuri kimoja baada ya kingine, na mwenye kompyuta ndiye anayelipia kila dhana yake. Tathmini hii inahusu programu sita ambazo mtu anaweza kuzitumia bila malipo kabla hajashika bisibisi: Event Viewer na Reliability Monitor, ambazo zimo ndani ya Windows, pamoja na BlueScreenView, HWiNFO, MemTest86 na OCCT. Sikuzipima kwa uzuri wa sura wala kwa wingi wa vitufe. Kigezo changu ni kimoja tu, nacho ni iwapo orodha ya watuhumiwa imepungua baada ya kuzitumia.

Kabla ya yote kuna mpangilio mmoja wa Windows unaopaswa kubadilishwa, na bila kuubadilisha utaukosa ushahidi wa kwanza kabisa. Windows hutoka kiwandani ikiwa imeelekezwa kujiwasha upya mara tu inapokumbwa na hitilafu kubwa, ndiyo maana skrini ya bluu yenye maelezo humulika na kutoweka kabla jicho halijasoma neno. Andika sysdm.cpl kwenye kisanduku cha kutafutia, ingia kwenye kichupo cha mipangilio ya ndani (Advanced), fungua sehemu inayohusu kuwaka na kurejesha mfumo (Startup and Recovery), kisha uondoe tiki kwenye kisanduku cha kujiwasha upya (Automatically restart). Tangu hapo, kompyuta ikianguka na skrini ya bluu ikabaki mbele yako, ujue Windows imepata nafasi ya kuona kosa na kulitaja. Ikiendelea kukatika papo hapo bila skrini yoyote, basi kilichotokea kimetokea chini ya Windows, yaani kwenye umeme, joto au vifaa vyenyewe. Mgawanyo huo peke yake una thamani kuliko programu nyingi za kulipia nilizowahi kuziona zikitangazwa.

Nianze na Event Viewer, daftari ambamo Windows huandika matukio yake, kwa kuwa ndiyo ninayoiamini zaidi na ndiyo inayosomwa vibaya zaidi. Ukiifungua na kuingia kwenye daftari la mfumo (Windows Logs, kisha System), utakuta tukio namba 41 lenye chanzo kinachoitwa Kernel-Power, limepewa daraja la hatari. Watu wengi wakiona maneno hayo ya umeme hukimbilia kununua pawa saplai mpya. Haraka hiyo haina msingi, kwa sababu tukio 41 huandikwa baada ya kompyuta kuwaka tena, na maana yake ni kwamba Windows imegundua kuwa safari iliyopita haikufungwa kwa utaratibu. Halisemi ni nani aliyeizima.

Jibu, kama lipo, limo ndani. Fungua sehemu ya maelezo ya tukio hilo na utazame mstari wa BugcheckCode. Namba iliyoandikwa pale iko katika mfumo wa kawaida wa kumi, ilhali misimbo ya makosa ya Windows huandikwa katika mfumo wa kumi na sita, hivyo lazima uibadilishe kwa kikokotoo kabla ya kuitafuta maana. Namba 159, kwa mfano, ni 0x9F, kosa la kiendeshi kilichoshindwa kubadili hali ya umeme wa kifaa chake; namba 278 ni 0x116, linalohusu kadi ya picha iliyokwama; namba 292 ni 0x124, ambalo ni kosa la vifaa lililoripotiwa na prosesa. Ukikuta sifuri, Windows haikuwahi kuandika chochote, na hapo ukimya wenyewe ni ushahidi: kompyuta ama ilinyimwa umeme, ama iliganda kabisa, ama ilipokea amri ya kuanza upya kutoka nje ya Windows. Mstari wa PowerButtonTimestamp nao usirukwe, kwani ukiwa na namba isiyo sifuri unaonyesha kwamba kitufe cha kuwashia kilishikiliwa. Katika nyumba yenye mtoto mdogo, mstari huo unaweza kuumaliza uchunguzi mapema sana.

Kando ya 41 kuna matukio mengine yanayostahili kutafutwa. Tukio 1074 hutaja programu au mtumiaji aliyeagiza kompyuta izimwe. Likionekana dakika ile ile ya tatizo, basi kompyuta haikuanguka, ilitii amri, na mara nyingi aliyeagiza ni mfumo wa masasisho. Matukio yenye chanzo cha WHEA-Logger ni ya uzito mwingine kabisa, kwa kuwa yanatoka kwenye vifaa vyenyewe, na yakijirudia ni busara kuacha kulaumu viendeshi.

Dosari za Event Viewer ni za wazi. Ni nzito kufunguka, lugha yake ni kavu, na imejaa maonyo yasiyo na madhara ambayo humtia hofu mgeni. Onyo la DistributedCOM namba 10016 hutokea kwenye kompyuta nzima kabisa, na Microsoft wenyewe wameandika kwamba linaweza kupuuzwa. Matapeli wanaopiga simu wakijifanya wahudumu wa kompyuta wanaijua vizuri hofu hiyo: humwelekeza mtu afungue daftari hili, wamwonyeshe alama nyekundu na za njano, kisha wamwombe malipo. Alama hizo zipo karibu kwenye kila kompyuta yenye Windows.

Reliability Monitor, inayofunguliwa kwa amri ya perfmon /rel, ni daftari lile lile limepangwa kwa kalenda, likiwa na mchoro wa uthabiti unaopanda na kushuka kati ya 1 na 10. Alama hiyo ya uthabiti haina kazi kubwa. Kinachofaa ni kuona kwamba maanguko yalianza siku moja baada ya kiendeshi fulani au programu fulani kuwekwa, jambo ambalo ndani ya Event Viewer lingekuchosha macho. Kwa kazi hiyo moja inatosha.

BlueScreenView ya NirSoft ni programu ndogo, haihitaji hata kusakinishwa, na kazi yake ni kusoma mafaili madogo ambayo Windows huyaacha katika folda ya C:\Windows\Minidump kila inapoanguka kwa skrini ya bluu. Hukuonyesha msimbo, saa, na majina ya viendeshi vilivyokuwa karibu na ajali. Neno karibu ndilo la kuzingatia. Mara nyingi itakutajia ntoskrnl.exe, ambayo ni kiini cha Windows chenyewe, na kukilaumu kiini hicho ni sawa na kumkamata aliyepiga simu polisi. Kwa uchambuzi wa kina WinDbg, programu ya Microsoft ya kuchambua mafaili hayo, huona mbali zaidi, ingawa inahitaji mtu mwenye uvumilivu. Hata hivyo BlueScreenView ina faida moja isiyo na mpinzani: huyaweka maanguko yote katika jedwali moja. Kiendeshi kile kile kikijirudia kila mara, kisasishe au ukirudishe toleo la zamani. Misimbo ikiwa tofauti kila siku, leo hili kesho lile, mtuhumiwa wa kwanza ni RAM. Folda ikiwa tupu ilhali kompyuta inaanguka kila siku, programu hii haina la kukupa, nawe urudi kwenye umeme na joto.

HWiNFO ndiyo iliyonifurahisha kuliko nyingine zote za nje ya Windows. Ukiifungua kwa vihisi peke yake hupata orodha ndefu ya joto, volti na kasi za feni, na watu wengi huishia kuitazama hiyo orodha inavyobadilika. Nguvu yake halisi iko kwenye kitufe cha kuhifadhi rekodi. Ukiibonyeza, inaandika kila kipimo kwenye faili la jedwali kwa vipindi vya sekunde chache, na kompyuta ikikatika, mistari ya mwisho ya faili hilo inabaki kuwa picha ya hali ilivyokuwa muda mfupi kabla ya ajali. Ukilifungua, utafute safu ya joto la prosesa na ya kasi ya feni yake. Joto likiwa limepanda mfululizo kutoka nyuzi 60 hadi 100 huku feni ikisoma sifuri, hakuna haja ya kuuliza zaidi. Feni imekufa, waya wake umechomoka au vumbi limeikaba. Joto likiwa nyuzi 45 hadi mstari wa mwisho, mwondoe prosesa kwenye orodha ya watuhumiwa wa joto.

Tahadhari mbili zinahitajika katika kusoma namba hizo. Ya kwanza ni kwamba kikomo cha joto hutofautiana: prosesa nyingi za Intel za mezani zina kikomo cha nyuzi 100, na zile za AMD za Ryzen 7000 zimeundwa kuweza kufanya kazi katika nyuzi 95 bila kuharibika, hivyo namba kubwa peke yake si kosa. Prosesa ya kisasa hupunguza kasi kwanza ili ijipoze, na joto likizidi hapo kwa kawaida kompyuta huzimika kabisa badala ya kujiwasha upya, tofauti ambayo wanaolaumu joto kwa kila kitu huisahau. Ya pili inahusu volti. Kiwango cha ATX, kinachofuatwa na pawa saplai za kompyuta za mezani, kinataka waya wa volti 12 ubaki kati ya 11.4 na 12.6, lakini vihisi vya ubao mama si vipimo vya maabara, na mshuko wa volti unaoiangusha kompyuta hudumu kwa muda mfupi sana kuliko kipindi cha kurekodi. Volti nzuri kwenye HWiNFO haiitakasi pawa saplai.

MemTest86 huwashwa kutoka kwenye flashi, nje ya Windows, na hilo ni sharti la kazi yake, kwa kuwa Windows ikiwa inafanya kazi sehemu ya RAM haiwezi kuguswa. Programu hii ilianzishwa na Chris Brady mwaka 1994 na tangu 2013 iko mikononi mwa PassMark. Toleo la bure lina kikomo cha mizunguko 4, ambayo inatosha kwa matumizi ya nyumbani. Ina jina linalokaribiana sana na la Memtest86+, mradi huria uliochipuka kutoka kwake, nao unafaa vilevile. Iache ifanye kazi usiku mzima. Kosa hata moja ni kosa, wala usikubali kuambiwa kwamba machache yanavumilika. Ila kabla hujatupa RAM, ingia kwenye BIOS (programu ya ndani ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) uzime XMP au EXPO, yaani mipangilio inayoiendesha RAM kwa kasi kubwa kuliko kasi yake ya msingi, halafu upime upya. Makosa yakitoweka, huenda kifaa ni kizima na kasi ndiyo iliyozidi uwezo. Yakibaki, pima kipande kimoja kimoja, ukitumia nafasi ile ile ya ubao mama, ili ujue kama mgonjwa ni kipande au nafasi. Programu ya Windows ya kupima RAM, ile ya mdsched, ni ya haraka lakini ni ya juujuu, na matokeo yake safi hayanitoshi.

OCCT nimeiweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu haichunguzi bali huchokoza. Kipimo chake cha umeme huibebesha prosesa na kadi ya picha mzigo mzito kwa pamoja, hali ambayo pawa saplai dhaifu huishindwa haraka. Kompyuta inayojiwasha upya mara tu kipimo hicho kinapoanza, huku joto likiwa bado chini, imesema mengi. Hifadhi kazi zako kwanza, usiondoke mbele ya kompyuta, na ukatishe kipimo joto likikaribia kikomo. Simshauri mtu aitumie kwenye kompyuta ambayo feni yake haijasafishwa.

Zipo pia programu za kusafisha sajili ya Windows (registry, hifadhi ya mipangilio yake) zinazojinadi kuwa tiba ya kujizima. Microsoft haziungi mkono, nami sikuona sababu ya kuzipa nafasi hapa.

Hata programu nzuri huweza kuelekeza kidole pasipostahili. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba baadhi ya prosesa zao za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipoteza uthabiti kutokana na volti iliyozidi, na mwezi Agosti wakatoa sasisho la 0x129 linalowekwa kupitia BIOS, pamoja na kuongeza dhamana kwa miaka 2. Dalili mojawapo ilikuwa ujumbe wa kuishiwa na kumbukumbu ya picha, hivyo kadi za picha zikalaumiwa bure. Mwenye prosesa ya aina hiyo asasishe BIOS kabla ya kuamini jedwali lolote, akijua kwamba sasisho huzuia uharibifu lakini haliponyi prosesa iliyokwisha kuathirika.

Baada ya hapo programu zimefika mwisho wa uwezo wao. Ikiwa BugcheckCode ni sifuri, RAM imepita, joto ni la kawaida na hakuna WHEA-Logger, kipimo cha kweli cha pawa saplai ni kuazima nyingine nzima na kuitumia kwa siku kadhaa. Usiifungue ile ya zamani, kwa kuwa kapasita zake hubaki na chaji ya hatari hata waya ukiwa umechomolewa. Lakini kabla ya kuazima chochote, chomoa kwenye ubao mama ule waya mwembamba wa kitufe cha kuanza upya kilicho mbele ya kasha. Kompyuta haiuhitaji ili kufanya kazi, na kitufe kilichokwama ndani huiwasha upya kwa namna ambayo Event Viewer huiandika sawasawa na kukatika kwa umeme.